Viungo vya Mlangoni: Kipi Kipandwe Nkoaranga, Kipi Kiachiwe Soko

Gulio la Tengeru hukutana Jumatano na Jumamosi, na mtu anayejiuliza apande kiungo gani nyumbani kwake angefanya vyema kulizunguka kwanza kabla ya kwenda duka la pembejeo. Vitunguu maji vya Mang'ola vimejaa magunia ya nyavu. Vitunguu saumu vya Mbulu vimepangwa mafungu. Tangawizi ya Same ipo, na pembeni yake kuna vipakti vya iliki, mdalasini na pilipili manga za upande wa Muheza na Usambara, pamoja na karafuu ya Pemba. Vyote vimesafiri, vingine kwa wiki kadhaa, na mpishi hana cha kunung'unikia. Giligilani mbichi je? Asubuhi imesimama wima. Kufika saa nane mchana imelala, muuzaji anainyunyizia maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, na mnunuzi anayepanda nayo bodaboda hadi Nkoaranga anafika na fungu ambalo nusu yake itaishia kwa kuku.

Sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Ushauri kuhusu bustani za viungo ni mwingi, lakini mwingi wake umenakiliwa kutoka nchi zenye majira mengine na mapishi mengine: panda taimu, panda oregano, panda seji. Mama wa Nkoaranga anayepika mtori, makande na pilau ya Krismasi hana shughuli na seji. Kipimo kinachomfaa ni chepesi zaidi. Ardhi iliyo karibu na mlango wa jiko ipewe jani lisilosafiri, lile linalopoteza harufu likikaushwa na kulegea likilala siku moja. Mbegu, magome na mizizi inayokauka vizuri iachiwe soko. Kipimo hiki kina mimea miwili inayokikaidi, mchaichai na rosmari, nayo ina hoja zake.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili imo ndani ya mmea wenyewe. Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yanayoruka hewani kwa urahisi. Iliki huyafungia ndani ya ganda, pilipili manga ndani ya punje ngumu, mdalasini ndani ya gome. Giligilani haina kinga ya namna hiyo: harufu ya jani lake hutokana zaidi na kemikali za jamii ya aldehaidi, na nyingi hutoweka jani linapokauka. Anayekausha giligilani hubaki na rangi ya kijani na kumbukumbu. Tena kukausha chochote Nkoaranga kati ya Juni na Agosti ni kazi ya kubahatisha, kwa sababu ukungu hushuka mlimani, jua hujificha hadi mchana, na jani huota kuvu kabla halijakauka.

Nkoaranga iko kwenye mteremko wa kusini mashariki wa Mlima Meru, kaskazini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipoweka kituo chao hapa mwaka 1902 waliikuta migomba. Kahawa ilifuata, na mpaka leo kihamba cha Mmeru ni migomba juu, kahawa katikati, maharage na magimbi chini. Mvua upande huu wa mlima ni nzuri, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na udongo wa majivu ya volkano unapitisha maji ya ziada huku ukihifadhi unyevu kwa muda mrefu. Kinachokosekana ni nafasi. Wameru wanaijua njaa ya ardhi kuliko wengi: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata msemaji wao Kirilo Japhet alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi hiyo. Tangu hapo vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu. Kwa hiyo swali la kiungo gani kipandwe ni swali la mita za mraba, na anayependekeza mimea kumi na miwili hajaona kihamba cha robo ekari.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao huamua. Barabarani, pande za Usa River, ni karibu mita 1,200. Kila mtu anapopanda mita 100 zaidi, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Umbali wa dakika chache kwa bodaboda unatosha kubadilisha tabia ya mmea. Kuna mimea inayofurahia baridi hiyo, na kuna inayoususia mwezi wa Julai wote.

Giligilani inaifurahia, na ndiyo inayostahili tuta la kwanza. Pwani huitwa kotimiri, Kenya ni dania, na jikoni haina mpinzani: huingia kwenye kachumbari, hutupwa juu ya mtori dakika ya mwisho, hupondwa na pilipili mbuzi kwa ajili ya nyama choma. Wakulima wa tambarare huilalamikia kwamba hutoa maua mapema. Joto na kiu ndivyo vinavyoisukuma kufanya hivyo. Ikishatoa bua, majani yake huwa membamba kama nyuzi na ladha hubadilika. Mteremko wenye ubaridi na udongo usiokauka haraka huichelewesha, na hiyo ni faida ambayo mkazi wa Nkoaranga anayo bila kulipia chochote.

Kinachowashinda wengi ni mbegu. Ile punje ya mviringo inayouzwa dukani kama kiungo cha pilau ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Ikipandwa nzima huchelewa na huota kwa mafungu. Ikisuguliwa polepole chini ya chupa au ubao mpaka igawanyike, kisha ikalowekwa usiku mmoja, huota kwa wiki moja hadi mbili. Punje za duka la viungo huota pia ikiwa hazijakaangwa wala kukaa ghalani miaka mingi, na bei yake kwa uzito ni ndogo mno ikilinganishwa na pakti yenye picha. Ubaya wake ni kwamba mnunuzi hajui ni aina gani. Nyingi zimechaguliwa kwa ajili ya mbegu, hivyo huwahi kutoa maua. Anayetaka majani ya muda mrefu anunue pakti ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya majani. Anayetaka majani ya mwezi huu na mbegu za mwaka kesho, punje za duka zinamtosha.

Kosa jingine ni kitalu. Giligilani ina mzizi mkuu unaoshuka chini, na haipendi kuhamishwa; ioteshwe palepale itakapokulia. Kosa kubwa kuliko yote ni kupanda tuta zima siku moja. Kaya hupata majani mengi kuliko inavyoweza kula kwa wiki tatu, halafu haina kitu kwa miezi miwili, inarudi Tengeru na kusema bustani ya viungo haina faida. Mstari mmoja wa urefu wa hatua mbili, unaopandwa upya kila baada ya wiki mbili au tatu, hulisha nyumba ya watu sita mwaka mzima. Mistari michache ya mwisho iachwe itoe maua, kwa kuwa maua yake meupe huwavutia nzi wadogo ambao viluwiluwi vyao hula vidukari, na mbegu zitakazokomaa ndizo za kupandia.

Kuna watu, hata hivyo, ambao giligilani kwao ni sabuni. Hawadeki. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2012 uliihusisha hali hiyo na eneo lenye kinasaba kiitwacho OR6A2, kinachohusika na kunusa zile aldehaidi. Nyumba yenye mtu wa namna hiyo isimlazimishe. Kuna majani ya vitunguu, ambayo hukua popote, hukatwa na kuchipua tena, na hayahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Mchaichai ndio wa kwanza kukaidi kipimo cha jani lisilosafiri, kwa sababu hukauka vizuri na kubaki na harufu. Hauhitaji hata tuta. Shina lenye mizizi likichomolewa kwenye kichaka cha jirani na kuchomekwa kwenye kingo za ngazi za shamba wakati wa masika, kazi imekwisha. Ndani ya mwaka mmoja kuna kichaka kipana kinachoushika udongo usiteremke na mvua. Kwenye mteremko kama wa Nkoaranga kazi hiyo ya pili ina thamani kuliko chai yenyewe. Kila baada ya miaka miwili au mitatu kichaka kichimbuliwe na kugawanywa, kwa sababu katikati yake hufa.

Kuhusu chai hiyo kuna jambo ambalo vitabu vya bustani vya nchi nyingine haviwezi kulisema. Maji ya upande huu wa Meru, kutokana na miamba ya volkano, mengine yana floraidi nyingi. Maziwa ya Momella yana mamia ya miligramu kwa lita. Chemchemi na visima vya pande za Maji ya Chai na Ngurdoto vimejulikana kwa floraidi hiyo kwa muda mrefu, na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kiliwekwa hukohuko Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mifupa iliyochomwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia miligramu 4. Meno ya kahawia yanayoonekana kwa wenyeji wengi wa Arumeru yametokana na maji waliyokunywa utotoni, kabla meno ya ukubwani hayajaota.

Hilo lina uhusiano gani na viungo? Majani machache yanayokatwa juu ya mchuzi hayaongezi kiasi cha kutisha, hata kama yalimwagiliwa kwa maji ya mfereji. Kikombe cha chai ya mchaichai ni habari nyingine, kwani hapo kinachonywewa ni maji. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Majani ya chai ya kawaida, tofauti na mchaichai, yenyewe hukusanya floraidi kutoka udongoni, hivyo chai ya rangi iliyochemshwa sana kwa maji ya namna hiyo hubeba mzigo mara mbili. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive haraka nayo huongeza. Chemchemi hutofautiana sana, hata zilizo jirani, kwa hiyo kipimo cha maji ya nyumba husika kina maana kuliko jina la kijiji. Wenye watoto wadogo wachemshie mchaichai maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, ambayo floraidi yake ni kidogo sana. Kwa mkulima wa viungo wa Nkoaranga, tangi la maji ya mvua ni kifaa cha jikoni.

Mnanaa nao ni wa chai, na tatizo lake ni kwamba haukubali kudhibitiwa. Ukipandwa kando ya mfereji hufuata maji mpaka kwa jirani. Uwekwe kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, mahali penye kivuli cha nusu siku, na ukatwe mara kwa mara. Kikonyo kikitiwa kwenye glasi ya maji dirishani hutoa mizizi kwa wiki moja hadi mbili.

Mrehani ndio unaovunja mioyo. Watu wa pwani wanaujua kwa harufu ya maua na nywele. Wapishi wa hoteli za Arusha wanautaka ule wa majani mapana, wa kwenye tambi na pitsa. Ni mmea wa joto. Usiku ukishuka kuelekea nyuzi 10, majani yake huanza kuwa na madoa meusi kama yaliyounguzwa, na Nkoaranga ya Julai ina usiku wa namna hiyo. Anayeupenda aupande Septemba, auvune mpaka masika, kisha aukubali mwisho wake. Mvua na umande wa masika huleta adui mwingine, ubwiri vinyoya: majani hugeuka njano juu, na chini yake hutokea vumbi la kijivu. Ugonjwa huu una historia ya Afrika Mashariki. Ulielezwa mara ya kwanza Uganda katika miaka ya 1930, ukakaa miongo mingi bila kutajwa sana, halafu mwaka 2001 ukajitokeza Uswisi, na mwaka 2007 Marekani, ambako uliwatia hasara wakulima wakubwa. Umesambaa zaidi kwa mbegu. Tiba ya nyumbani ni nafasi kati ya mche na mche, maji yamwagwe kwenye shina asubuhi badala ya juu ya majani jioni, na mche ulioanza kugeuka njano ung'olewe bila huruma.

Mrehani una ndugu wa porini, kivumbasi, ambao mvua wala baridi ya hapa haviusumbui. Mmoja wao hata umepewa jina la kisayansi la mlima jirani, Ocimum kilimandscharicum, na unanuka kafuri. Unafukuza mbu vizuri. Kwenye mchuzi hauna nafasi, na anayepewa mche wake sokoni kwa jina la mrehani amepunjwa.

Rosmari, mkaidi wa pili, hukauka vizuri kuliko majani yote na pakti yake hudumu mwaka. Inapandwa kwa sababu moja: mji wa Arusha na vitongoji vyake vinapenda nyama choma, na tawi bichi la rosmari juu ya mbuzi halina mbadala wa pakti. Asili yake ni ukame wa mwambao wa Mediterania. Udongo wa Nkoaranga uliolowa Aprili huozesha mizizi yake, hivyo ikae juu ya tuta lililoinuliwa lenye kokoto, au chini ya upenu wa nyumba upande wa jua. Mche mmoja unatosha ukoo mzima.

Sehemu ngumu zaidi haihusu mmea wowote kati ya hiyo. Inahusu nyanya. Mwaka 2014 kipekecha cha nyanya, mdudu ambaye wakulima walimpa jina la Kanitangaze, aliingia mashamba ya Arusha, na tangu wakati huo bomba la kupulizia halijapumzika. Katika kaya nyingi giligilani hupandwa katikati ya nyanya, kwa kuwa huko ndiko kwenye maji na samadi. Dawa inayopulizwa kwenye nyanya ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye chupa, na nyanya huoshwa au kumenywa. Giligilani iliyopata matone yaleyale huchumwa jioni hiyohiyo, husuuzwa kwa maji kidogo, na kuliwa mbichi kwenye kachumbari. Jani lina eneo kubwa la kushikilia dawa na halina ganda la kutupa. Hapa hakuna haja ya mabishano marefu: viungo vitengwe na nyanya, kwa umbali na kwa uzio wa mimea, hata kama hilo litamaanisha kuvipandisha kwenye magunia karibu na jiko.

Magunia yenyewe ni suluhisho zuri hapa. Gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza, lenye mnara wa mawe katikati wa kupitishia maji, hubeba giligilani juu na majani ya vitunguu pembeni. Hulindwa dhidi ya kuku kwa urahisi kuliko tuta, na huhamishika kivuli kinapobadilika. Kivuli cha migomba ni baraka Januari na laana Julai. Giligilani na mnanaa huvumilia nusu kivuli, mrehani na rosmari hutaka jua la siku nzima. Samadi ya ng'ombe wa zizini ioze kikamilifu kwanza. Ikizidi, jani hunenepa na kuwa laini huku harufu ikififia, jambo ambalo mkulima wa mchicha hatalijua kamwe kwa sababu mchicha haununuliwi kwa harufu.

Nani anaamua haya yote pia ni swali la haki kuulizwa. Kwa mazoea ya mlimani kahawa ilikuwa ya baba. Migomba na mboga za karibu na nyumba zilikuwa za mama. Viungo vimeangukia upande wa mama, navyo vina sifa ambayo kahawa haina: havina msimu wa malipo wala chama cha kupitia. Fungu linalouzwa kwa mama lishe wa Usa River hulipwa papo hapo.

Mtu anaweza basi kuota soko kubwa zaidi. Arusha ni mji wa utalii, hoteli ziko karibu, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro uko chini ya mwendo wa saa moja, na TAHA, chama cha wakulima wa mboga, maua, matunda na viungo kilichoanzishwa mwaka 2004, kina makao yake makuu mjini humo. Mashamba ya mkoa huu yamekuwa yakisafirisha mboga na maua kwenda Ulaya kwa ndege. Lakini hoteli hutaka kilo zilezile kila Jumanne, zimeoshwa, zina risiti, Julai kama Januari, na hakuna kihamba cha robo ekari kitakachotoa mrehani wa Julai. Kaya kumi zilizopo kwenye miinuko tofauti, za barabarani zikilima mrehani na za juu zikilima giligilani na mnanaa, zinaweza kulifikiria kwa kuungana. Kaya moja ingefaidi zaidi kwa kuuza miche. Vipandikizi vya rosmari huchukua wiki nne hadi nane kutoa mizizi kwenye mchanga wenye unyevu, mashina ya mchaichai ni ya bure, na kopo la mnanaa halilegei kabla ya kufika mjini, tofauti na fungu la giligilani lililokatwa asubuhi.